Kofia za Alima na Macho ya Imani

Pale mtaani Katuba kila mtu alijua kwamba Alima hamezi maneno. Daktari alipomwambia kwamba binti yake Imani anazidi kushindwa kuona mbali kwa sababu ya kutazama vitu kwa karibu mno, hakungoja hata amalize.

"Ni telefone ya baba yake, docteur. Ni Sudi njo anaharibisha mutoto."

Sudi, mumewe, aliinamisha kichwa. Simu ikafungiwa kabatini, na majirani wakaelezwa sababu, hata wale ambao hawakuuliza.

Dokta Myriam alibana kifaa kidogo kwenye miwani ya Imani. Kilipima umbali wa kitu anachokitazama pamoja na mwanga uliopo, na akisogea karibu mno kilitetemeka. Alima yeye alielewa kwamba kinakamata simu, basi. Ndiyo maana hakujali mtoto alipokivaa huku ameinamia kofia, mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Kikatetemeka, kikatetemeka.

"Hii kintu ilisha kuharibika," Alima alimwambia binti yake. "Endelea, mama."

Pazia lile lilikuwa na kazi yake. Kofia za Alima zilisifika mpaka mtaa wa Hewa Bora, na wanaume walizingojea kwa Idi. Lakini siku hizi alikuwa haoni hata tundu la sindano. Imani ndiye aliyedarizi, mama akapokea sifa, na mteja hakutakiwa kujua.

Wiki iliyofuata walirudi wote watatu, na daktari akaunganisha kifaa na kompyuta. Kioo kilijaa alama nyekundu.

"Kila siku akitoka ku masomo, anaangalia kintu karibu sana, tena mu giza," alisema. "Ni telefone?"

"Telefone iko mu kabati," Sudi alijibu polepole.

Uso wa Alima ukawaka. Alikumbuka kifaa kilivyotetemeka mtoto akiinamia kofia.

"Nilikuwa nasoma bitabu, docteur," Imani akadakia, bila kumtazama mama yake.

"Basi apunguze bitabu. Akimaliza devoir ya masomo, asisome tena."

Imani akaitikia kwa kichwa. Mtoto huyu alikuwa akisoma hata karatasi zilizofungiwa maandazi, na sasa anaviacha vitabu ili mama yake asiaibike. Alima angeweza kunyamaza wakatoka na heshima yake ikabaki palepale. Alijiona mdogo kuliko mtoto wake.

"Haiko bitabu," alisema. "Ni miye. Macho yangu haione tena sindano. Nikamupa yee kazi, nikamufungia mu nyumba bantu basimuone. Sudi, telefone haina makosa."

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alimvalisha miwani ya majaribio ya kuonea karibu, akampa karatasi ya herufi ndogo. Alima hakuitazama. Aliushika mkono wa Imani, akauinua mpaka machoni pake mwenyewe. Sasa aliona wazi: ncha za vidole zilijaa alama za sindano, nyingine zimekauka, nyingine bado mbichi.

"Inakuuma?"

"Nilisha kuzoea, mama."

Alima aliona aibu kumtazama, lakini hakuivua miwani.