Kengele ya Ndoo

Bibi hakwenda pale kujifunza. Alikwenda kwa sababu mjukuu wake wa darasa la tatu alikuwa hakubali kuachwa peke yake. Nyumbani mtoto huyo alikuwa chiriku. Akivuka kizingiti tu, mdomo unafungwa kama umetiwa kufuli. Mama yake aliposikia kuna karakana ya watoto kila Jumamosi, ambako wanachezea betri na sumaku na kuunda vitu vyao wenyewe, akasema, "Mama, mpeleke. Pengine mikono ikipata kazi, ulimi nao utachangamka."

Basi bibi akapewa kiti cha watoto, magoti yakamkaribia kidevu, akatoa sindano zake za kufuma. Mwalimu alikuwa binti mrefu ambaye watoto walimwita Sumaku, kwa kuwa hawakubanduka ubavuni mwake. Akamwekea bibi betri, waya mbili na taa ndogo.

"Hapa hatuna watazamaji, Bibi."

"Mimi na umeme, mwanangu, hatujawahi kusalimiana."

"Basi leo mtasalimiana."

Taa ya bibi haikuwaka. Akaigeuza hivi, akaigeuza vile, akaipuliza kama jiko. Mjukuu, ambaye yake iliwaka zamani, alivumilia mpaka akashindwa. Akamnong'oneza, "Waya zote umeziweka upande mmoja, mke mwenza."

"Sema kwa nguvu, masikio yangu yamezeeka."

Akarudia, na meza nzima ikasikia. Alipogundua, alijificha nyuma ya bega la bibi. Sumaku akawakonyeza watoto wengine, hakuna aliyecheka.

Baadaye waliambiwa kila mmoja aunde kitu cha kuondoa kero ya nyumbani kwao. Kero ya kwao ilijulikana: bibi akifungulia bomba ndoo ijae, huenda kupiga soga, na jikoni pakawa ziwa. Wakaamua kuunda kengele. Kipande cha ndala kuukuu, kilichovikwa karatasi ya aluminiamu, kingeelea na kupanda na maji mpaka kiguse ncha mbili za waya chini ya kifuniko. Hapo umeme unapita, kengele inalia.

"Mwalimu, bibi anauliza gundi iko wapi."

"Mwalimu, bibi anataka kujua kwa nini karatasi hii inapitisha umeme na mpira haupitishi."

Bibi hakuwa ameuliza lolote. Aliendelea kukata waya.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa wazazi. Walikubaliana bibi aeleze, mtoto amimine maji. Zamu yao ilipofika, bibi alitazama zile nyuso zote, maneno yakamkimbia.

"Hii," akasema, "ni ndoo."

Watu wakasubiri.

"Ndoo," akarudia, jasho likimtoka.

Mtoto alimtazama, kisha akaanza kumimina. "Bibi anamaanisha kwamba maji yakijaa, italia." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. Maji yakapanda, yakapanda, yakamwagikia viatu vya waliokaa mbele. Kengele haikulia. Mama yake, kule nyuma, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mtoto akainama kuchungulia. "Kipande cha ndala kimelala ubavu," akawaambia watu wote. "Kinatakiwa kupanda wima. Naomba mrija."

Mvulana mmoja akachomoa wa juisi yake. Mtoto akauchomeka kwenye kile kipande cha ndala, akaupitisha katika tundu la kifuniko usiyumbe, akapunguza maji, akamimina upya, huku akieleza kila anachofanya. Kengele ikalia, sauti mbaya kama ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Watu wakapiga makofi, isipokuwa mama yake, aliyekuwa akihangaika na leso. Bibi alimshika mjukuu kisogoni.

Jumamosi iliyofuata mtoto alisimama mlangoni, viatu mguuni. "Bibi, leo ukitaka kupumzika, pumzika. Nitakwenda na wenzangu."

Bibi akajaribu kucheka. Alifurahi, na papo hapo akajiona mpweke. Kisha akachukua mkoba wake.

"Nani kakwambia nakwenda kwa ajili yako? Leo wanafundisha mota. Nyanyua miguu, tusichelewe."

Walipofika, mtoto alikwenda kwenye meza ya wenzake. Bibi akakaa ile ya karibu na dirisha, kati ya mapacha wawili waliokuwa wanagombea koleo, akaomba alione kidogo.