Miparachichi ya Mama Jael

Shikanga hakuwahi kupanda mti hata mmoja maishani mwake, na jambo hilo lilijulikana na watu wawili tu: yeye mwenyewe na mkewe Nafula, aliyeitwa Mama Jael kwa jina la mtoto wao. Wengine wote pale Lurambi, kuanzia kanisani hadi kwenye posho mill, walijua kinyume chake. Walijua kwamba Shikanga, karani wa kupima miwa huko Mumias, mtu wa kuja nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili, alikuwa na mkono wa baraka. Akigusa mche, mche unashika. Ushahidi si ule pale? Miparachichi sita iliyopandikizwa, miembe mitatu mifupi ambayo mtu aliichuma akiwa amesimama chini, na mipapai nyuma ya jiko. Mwaka wa tisini na tano alipata cheti kwenye maonyesho ya kilimo mjini Kakamega, akakitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni juu ya redio, mahali ambapo mgeni asingeweza kunywa chai bila kukiona.

Miti yote hiyo ilipandwa na Nafula. Yeye alikuwa binti wa mtu aliyetunza kitalu cha miche upande wa Bungoma, na baba yake, kwa kukosa mtoto wa kiume, alimfundisha kupandikiza, yaani kuunga kijiti cha mti bora kwenye mche wa kienyeji, tangu akiwa msichana wa darasa la nne. Alipoolewa alikuja na sufuria mbili, godoro, na vijiti vya mparachichi wa baba yake vimefungwa kwenye gunia bichi. Lakini kwa kina Shikanga mwanamke hakupanda mti. Mboga apande, maharagwe apande, viazi vitamu apande mpaka achoke, mti, hapana. Anayepanda mti anasema shamba ni lake, na mwanamke hawezi kusema hivyo mumewe akiwa hai. Kwa hiyo, walisema wazee, akipanda, mume atakufa.

Shikanga wa siku zile alikuwa kijana wa fomu foo, aliyemaliza sekondari, na mambo hayo aliyacheka. "Panda," alimwambia mkewe. "Watu wakiuliza, nitasema ni mimi." Wakacheka wote wawili, na Nafula akapanda. Hapo uongo ulikuwa wa kumsitiri mke, na mtu mwenye haki hawezi kuulaumu sana.

Ubaya wa sifa ni kwamba ni tamu. Mwaka wa kwanza Shikanga alikubali tu kwa kichwa watu walipomsifu. Mwaka wa tatu alikuwa akieleza. Siku ya maonyesho, Nafula aliamka mapema akayapangusa maparachichi moja moja kwa kitambaa, akamfundisha mumewe majibu kama mtoto anayeenda mtihani, kisha akasimama nyuma ya watu na kikapu chake huku Shikanga akiwajibu mabwana shamba. Njiani kurudi alimwambia, "Mama Jael, tumeshinda." Kufikia Jumapili kanisani ilikuwa "nimeshinda." Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini Shikanga aliivaa hadi akasahau mwenyewe ni nani.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zilipokuwa zimekolea, malaria ilimwangusha. Waliomleta kutoka Mumias walimbeba kutoka garini wakimshika kwapani. Kwa siku tatu alitetemeka chini ya mablanketi mawili, na siku ya nne Nafula alitoka alfajiri kwa miguu kwenda mjini kutafuta dawa ya nguvu zaidi. Alimwacha mgonjwa na Senje, yaani shangazi, Awinja, dada wa marehemu baba yake Shikanga, mama aliyeheshimiwa na boma zima na kuogopwa na zaidi ya nusu yake.

Kutoka kitandani Shikanga aliiona miti kupitia dirishani. Ilikuwa imezaa hadi matawi yameinama. Hakuwahi kuiona imenona hivyo, na yeye hapo mbavu zilikuwa zinahesabika. Hofu ikamwingia. Yale yote aliyoyacheka yalikuja yakaketi kando ya mto wake, na fomu foo yake haikumsaidia.

"Senje," aliita. "Nataka kukuambia kitu."

"Sema, baba." Mashangazi wa huko humwita mtoto wa kaka yao baba.

"Hii miti. Si mimi nilipanda."

Awinja aliweka chini kikombe cha uji. "Nani alipanda?"

"Ni Nafula."

Mama yule hakupiga kelele. Alimtazama mgonjwa, akatazama nje, akaona kila kitu kimelingana. "Yote?" akauliza.

Ndipo Shikanga alipofanya jambo la pili, ambalo mpaka leo hajui kama lilikuwa baya zaidi au afadhali kidogo kuliko la kwanza. Aliukumbuka mparachichi wa langoni, ule uliozaa matunda ya cheti. Aliwaza watu wakija kumwuliza habari za miti na yeye hana hata mmoja wa kuwaonyesha. Mtu yuko mlangoni pa kaburi na bado anashikilia sifa! "Ule wa kwa geti ni wangu," alisema. "Huo nilipanda mwenyewe."

"Basi huo utabaki," alisema Awinja, na akatoka kuwaita wadogo wawili wa Shikanga, Lusweti na Cleophas.

Walikuja na mapanga na shoka moja. Shikanga alisikia kila kitu. Alisikia shoka likiingia kwenye mti mbichi, akasikia matunda machanga yakianguka chini puu, puu, mengi kwa pamoja, kisha tawi, kisha kimya, kisha wakahamia mti wa pili. Kulikuwa na wakati wa kuita. Sauti alikuwa nayo, kwa maana muda mfupi uliopita ilitosha kumtaja mkewe. Alivuta blanketi akajifunika kichwa.

Nafula alirudi saa sita akiwa na dawa ndani ya karatasi. Alipita langoni, akasimama. Senje Awinja alimfuata akamwambia bila chuki, kama mtu aliyefanya kazi iliyomlazimu, "Tumekuokolea bwana, mama. Bwana wako ametuambia mwenyewe. Usirudie tena, sisi hatupendangi kuzika vijana."

Nafula aliingia ndani, akavunja vidonge, akamwinua mumewe kichwa na kumshikia kikombe cha maji hadi akameza. Hakumwuliza kitu. Shikanga alitamani amtukane, ammwagie maji yale usoni, afanye lolote. Alimlaza tu, akamfuta kidevu, akatoka nje. Baadaye Shikanga alimsikia akiyaokota matunda machanga na kuyatia kwenye karai.

Siku mbili baadaye homa ilimwachia. Boma lote lilisema ni shoka lililomponya, na Lusweti alitembea kifua mbele kama daktari. Kuhusu vidonge hakuna aliyesema kitu. Shikanga naye hakusema.

Alipopata nguvu ya kutoka nje, alimkuta mkewe akipepeta maharagwe karibu na kisiki. Aliketi kwenye jiwe. Maneno aliyokuwa ameyapanga kitandani kwa siku nyingi yakamtoka vibaya.

"Mama Jael, ule wa kwa geti nilikuokolea."

"Uliuokoa kwa kusema ni wako."

"Kama singesema hivyo wangeukata."

"Kama hungesema kitu," alisema Nafula, "hawangekata hata mmoja."

Akaendelea kupepeta. Aibu ilimshika Shikanga hadi masikio yakamwaka moto, na hakuwa na homa. "Nitaenda kwa Senje," alisema. "Nitamwambia ukweli. Nitamwambia hata huo ni wako, na mimi nimepona, kwa hivyo ile maneno yao ni ya bure."

Kwa mara ya kwanza Nafula aliacha ungo. "Ukimwambia, Lusweti atarudi na shoka kabla hujamaliza kunywa chai. Baba yangu alikufa, Baba Jael. Kitalu chake kililimwa mahindi. Ile avokado yake imebaki hapo kwa geti peke yake, na vijiti vya kupandikiza vitatoka hapo, kama vitatoka. Ukisema ukweli saa hii ni wewe utasikia vizuri kwa roho, na mimi nitabaki na kisiki kingine. Nyamaza. Saa ya kusema ilipita."

Akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kuombwa na mkewe aendelee kudanganya, na alijua uongo huu, tofauti na ule wa mwanzo, hawangeweza kuucheka pamoja.

Lakini sifa zikishatoka haziitwi zirudi. Kabla ya kuugua, Shikanga alikuwa amejitapa kanisani na kukialika kikundi cha akina mama wa Amalemba waje wajifunze kupandikiza. Alisahau yeye, wao hawakusahau. Jumamosi moja mwezi wa sita walifika, kumi na wawili, na leso zao na madaftari yao, wakiongozwa na mwenyekiti wao Rosebella, mama mnene mwenye sauti ya kwaya. Mambo ya miiko, walisema, watayaacha kwa waume zao: wao watapandikiza kwenye mikebe, wanaume watachimba mashimo. Senje Awinja, aliyekuja kushuhudia utukufu wa mtoto wa kaka yake, alikubali kwamba mkebe si ardhi. Akaketi kivulini na miguu yake imenyooshwa.

"Mulembe, mwalimu!" Rosebella alimsalimia, kisha akaona visiki. "Woi! Hii yote ilikatwa kwa nini?"

"Ugonjwa," alisema Shikanga.

"Ulikuwa ugonjwa kweli," alisema Awinja.

Walimzunguka. Mbele yake kulikuwa na meza, mikebe yenye miche ya parachichi ya kienyeji, vijiti vilivyokatwa asubuhi kutoka mti wa langoni, vipande vya karatasi ya nailoni, na kisu. Kisu kilikuwa cha Nafula, mpini umelika kwa vidole vyake. Nafula mwenyewe alikuwa jikoni na chai. Alikuwa amemweleza mara tatu usiku uliopita, na mara tatu Shikanga alisema ameelewa.

Alikata mche wa kwanza, akaukata wima mpaka karibu na mizizi. Akasema huo ulikuwa mbovu. Akakata wa pili, akachomeka kijiti, kikaanguka. Akakiokota, akakichomeka tena, na mama mmoja mwembamba aliyekuwa karibu na meza akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hicho kijiti si kinaangalia chini?"

Kweli kilikuwa kimegeuzwa, macho yake ya kuchipulia yakielekea ardhini. Mtu alicheka, akajiziba mdomo kwa leso. Shikanga alitazama juu akakutana na macho ya Senje Awinja. Alikuwa amekunja miguu. Alimtazama yeye, akatazama kisu, kisha polepole akageuza uso kuutazama mti wa langoni.

Shikanga alitamani ardhi ipasuke. Lakini zaidi ya hapo alitamani kusema, kulitua lile gunia la uongo mbele za watu wote, apigwe, achekwe, mradi litoke mabegani. Akafungua mdomo.

"Akina mama," alisema, "ukweli ni kwamba mimi..."

"Ukweli ni kwamba homa ilimwachia mikono ya kutetemeka," alisema Nafula nyuma yake. Alikuwa na birika mkononi. Aliliweka mezani, akamnyang'anya kisu taratibu kama mtu anayempokea mgonjwa mzigo. "Daktari alisema asishike kitu cha makali. Lakini hasikiangi, anawapenda wageni. Mimi nitamshikia. Baba Jael, si uliniambianga nikate mshazari, kama ncha ya penseli?"

"Ndiyo," alisema Shikanga.

"Na macho ya kijiti yaangalie juu?"

"Ndiyo."

"Na ganda liguse ganda, hata kama ni upande mmoja tu?"

"Ndiyo."

"Halafu nikifunga na nailoni, nisibane mpaka mti ushindwe kupumua."

"Ndiyo. Hivyo."

Akina mama waliandika. Mikono ya Nafula ilikwenda mbio bila yeye kuitazama, akate, achomeke, azungushe, afunge, na baada ya kila hatua alimgeukia mumewe kuuliza kama amekumbuka vizuri maneno yake. Shikanga aliitikia ndiyo mpaka mikebe kumi na miwili ikaisha. Hajawahi kusema neno fupi lililomwuma hivyo. Kila ndiyo ilikuwa wizi mwingine, na mwenye mali ndiye aliyekuwa akimpa mkononi, mmoja baada ya mwingine, ili mti mmoja uishi. Kule kivulini Senje Awinja aliinyoosha miguu yake tena na kuomba kikombe cha chai.

Rosebella alipomaliza kuandika aliongoza makofi. Walimpigia Shikanga makofi ya kilo, pa-pa-pa, mara tatu, na mama mmoja akapiga kigelegele. Alisimama katikati yao akiitazama ncha ya kiatu chake.

"Mama Jael, una bahati wewe," Rosebella alisema, akipokea mkebe wake na kuukumbatia. "Wangu tangu anioe hajawahi kunifundisha hata kufungua redio yake."

Nafula alikuwa akifunga kipande cha mwisho cha nailoni. Hakuinua kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Huyu amenifundisha."

Wanawake walicheka kwa furaha, Senje Awinja akacheka, na Shikanga, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama, akacheka pamoja nao.