Utani Uliochelewa

Chupa ya uji niliyoiacha jana kizingitini kwa Mzee Sabiri niliikuta palepale, imejaa, sisimizi wameizunguka. Ilikuwa ya nne wiki ile. Nilikasirika, sifichi. Nina miaka sitini na tisa, magoti yananiuma, na uji ule niliukoroga mwenyewe alfajiri.

Kikundi chetu cha wazee hapa Ng'ambo kina watu kumi na wawili, na mdogo wetu ana miaka sitini na mitatu. Watoto wetu wako Dar na Mwanza. Wanapiga simu, lakini simu haichoti maji. Basi sisi tunaojiweza tunawapitia wasiojiweza, tunafagia, tunapika, tunawasindikiza kliniki. Mimi niliyekuwa mwalimu mkuu niliwapangia wenzangu zamu na kuwaletea daftari la mahudhurio. Walinicheka, sikujali.

Sabiri alikuwa fundi seremala. Hata kitanda ninacholalia alikitengeneza yeye. Tangu mkewe Mwanajuma afariki, mwezi wa pili sasa, alijifungia ndani. Ukibisha hodi anajibu "nipo," basi. Nilimpa pole, nikamsihi ale, kisha nikamwamuru kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa zima. Siku hiyo nilichungulia dirishani nikamwona amekaa, mifupa ya mabega imemtoka. Hasira zikaniisha, nikaogopa. Kwa hali ile asingemaliza masika.

Nilimlalamikia Bi Mwanne, mwenzangu wa zamu, kwamba mzee yule ni mkaidi. Bi Mwanne ana miaka sabini na sita na hamwonei mtu haya. Akaniuliza kabila langu, utadhani hanijui. Nikamwambia Mnyamwezi. Na Sabiri je? Mzaramo, nikasema, babu yake alifika huku Unyamwezini na misafara ya pembe za ndovu, akaoa, akabaki.

"Basi wewe ni mtani wake," akasema. "Kwenye matanga tulikusubiri, Mwalimu. Ukakaa kwenye kiti kama mgeni rasmi."

Maneno yale yaliniingia. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara hiyo, na wajibu wangu niliujua. Msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa ya mzaha: humwigiza marehemu, huwachokoza wafiwa mpaka wacheke, na wakishacheka huanza tena kula. Marehemu mama yangu alikuwa hodari wa mambo hayo. Mimi niliona aibu. Mwalimu mkuu mstaafu, mbele ya watu niliowafundisha, nijifunge kanga nichekeshe? Nilimpa Sabiri mkono wa pole nikaondoka. Watani wake wengine wa rika letu walishatangulia mbele ya haki, kikundini nilikuwa nimebaki mimi tu, nami nikamnyima.

Kesho yake sikubeba uji. Nilijifunga kanga kiunoni mchana kweupe, nikaingia uani kwake, nikaanza kutembea kwa mwendo wa Mwanajuma, nachechemea mguu wa kulia na kumgombeza Sabiri kwa sauti ya marehemu. Maranda ya mbao yamejaa mpaka kwenye sufuria. Kofia ameivaa upande. Mzaramo gani huyu, kukuna nazi hajui? Julieth, jirani yake, niliyemfundisha darasa la tatu, aliacha kufua akanitumbulia macho. Uso uliniwaka kwa aibu. Nilizunguka ua mara tatu, pumzi zikaniishia, na mlango ulikuwa bado umefungwa. Nikaona nimejidhalilisha bure.

Ndipo komeo likalia. Sabiri alitoka akiwa ameshikilia mwimo wa mlango, akanitazama kuanzia kanga hadi miguuni. Midomo ilikuwa ikimcheza.

"Mnyamwezi wewe," akasema, "mguu siyo huo. Wake ulikuwa wa kushoto."

Nikamwambia basi anioneshe. Akashuka kizingiti, akaweka mkono kiunoni, akaanza kutembea uani polepole, akichechemea mguu wa kushoto, anacheka huku machozi yanamtiririka. Mimi nikafuata nyuma, nikiigiza kila hatua yake.