Mshono Nyuma ya Viti

Rangi ya bluu ilipoondoka chini ya msasa, ikatokea kijani. Onésphore alikuwa amepiga magoti kando ya gari lile la MG tangu asubuhi, kitambaa puani, akiimenya kama kitunguu. Mbele ya mlango, kijani. Akasugua nyuma ya mlango akitarajia kijani kilekile. Ikatoka rangi ya maziwa.

Akasugua pengine. Maziwa tena.

Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa bodi, kwanza Bujumbura, kisha kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na hajawahi kuona gari lililozaliwa na rangi mbili. Akang'oa viti, akanyanyua zulia lililooza. Hapo nyuma ya viti, kutoka ubavu hadi ubavu, ulipita mshono wa kuchomelea, mnene kama kovu la mkuki. Gari lilikuwa limekatwa. Au tuseme yalikatwa magari mawili, kikaunganishwa kichwa cha moja na mkia wa jingine.

Akaketi mchangani.

Mama Akaale ndiye aliyemwita Lodwar, kwenye boma lake la Nawoitorong, baada ya mafundi wa mjini kulicheka lile gari dogo la Kiingereza. Marehemu mumewe, Lokeno, alilinunua kwa daktari mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Watoto walitaka liuzwe kama chuma chakavu. Mama akakataa: lingenyooshwa, lipakwe rangi, litembee.

Siku ya tatu ya kazi, turubai likiwa limeondolewa, alipita mwanamke mmoja, Ajwang', mwalimu mstaafu, akasimama barabarani asiendelee na safari. Baba yake alikuwa na gari kama hilo. Alipata ajali mwaka themanini na sita, mbele ikapondeka, akaliacha gereji moja ambayo baadaye ilifungwa. Alipolirudia hakulikuta.

"Watu wakasema ameliuza akanywea pombe," Ajwang' alisema aliporudi na logbuku, hati ya gari la baba yake. "Amekufa wakisema hivyo."

"Bwana yangu hakuwa mwizi," alijibu Akaale.

Wakakubaliana fundi aangalie namba. Iliyokuwa chini ya boneti ililingana na logbuku ya Lokeno. Ajwang' akaomba radhi, akaenda zake. Neno likaisha.

Sasa Onésphore alifungua buti, akakwangua sakafu yake kwa bisibisi. Namba nyingine ikajitokeza, ya usajili, imepigwa kwa patasi, kinga ya zamani dhidi ya wezi. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Alikuwa ameiona siku ile kwenye logbuku mkononi mwa Ajwang'.

Je, Lokeno alijua? Kama hakujua, kwa nini gari zima lilipakwa bluu? Na kama alijua, mbona hakuifuta namba? Kila jibu alilolishika lilimponyoka. Akampigia mkewe, Caritas, kule Kakuma.

"Ziba na fila, upake rangi, urudi," Caritas alisema. "Kibali chako cha kutoka kambini kimebakiza siku tano. Sisi ni wageni, mume wangu. Usiingie katikati ya wenyeji."

Akakoroga fila, uji mzito wa kuzibia bati. Akasimama juu ya ile namba, kibao mkononi, mpaka fila ikagandia kwenye kibao. Hakujua mkono wake ulikuwa ukingoja nini. Mwisho akakitupa, akamwomba jirani amwite mwalimu.

Wanawake wale wawili waliinama juu ya buti bila kusemezana. Ajwang' aliipitia namba kwa kidole, tarakimu moja moja, kama anayesahihisha daftari. Kisha akalia bila sauti.

"Mama," Onésphore alimwambia Akaale, "huku mbele ni yako. Huku nyuma ni ya baba yake. Mimi nimeona hivyo tu. Nani alikata, nani alijua, ile sijui."

Akaale aliinama akautazama ule mshono, ubavu hadi ubavu.

"Lori iligonga sisi nyuma," alisema hatimaye. "Gari ikakaa gereji miezi mbili. Ikarudi bluu. Mimi nikauliza, kwa nini bluu? Lokeno akacheka." Akafikiri. "Alikuwa anacheka kila kitu. Sasa sijui ile ilikuwa kucheka gani."

"Baba hakuliuza," Ajwang' alisema, si kwa yeyote.

"Hapana. Hakuuza."

"Kwa hiyo nani…"

"Sijui, mwalimu. Kama ningejua ningesema, hata kama ni mbaya."

Onésphore aliuliza apake rangi gani, kijani au maziwa. Akauliza kama aache kazi. Jua lilikuwa limelifikia gari, bati likawa halishikiki. Ndipo Akaale alipofunga buti, akavua shuka begani, akaikunja, akaiweka juu ya buti na kuegemeza viganja vyake hapo. Ajwang' akamtazama. Akaja akasimama kando yake, akaegemea pia.

"Shika usukani, fundi. Rangi ni baadaye, kwanza itembee," alisema Akaale.

Onésphore aliingiza mkono dirishani, akaondoa breki. Wanawake wakasukuma; magurudumu yalilia, yakakubali.

"Tunapeleka wapi?" aliuliza.

Nyuma yake alisikia pumzi zao tu, na kokoto zikipasuka chini ya tairi. Gari lilipita kivuli cha nyumba bila kusimama, likaelekea lango lililo wazi, naye akitembea kando yake, mkono kwenye usukani, asijue akate kulia au kushoto.