Honi ya Marijani

Mume wangu Marijani ni mpole mpaka anakera. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Mie nimezaliwa Temeke, na kwetu mtu akikanyagwa husema. Basi mie nasema kwa niaba ya wawili, na ndiyo maana ndoa yetu imedumu.

Miaka ile baada ya Vita Vikuu vya Pili tulikuwa na lori letu kuukuu, tukibeba akina mama na mizigo yao kutoka Mtoni na Temeke hadi soko la Kariakoo. Marijani anaendesha, mie ndiye utingo: napandisha matenga, nakusanya nauli, najibizana na wasiotaka kulipa. Alfajiri, kiza bado hakijaondoka, Marijani haiti mtu. Anabinya honi tu. Ilikuwa honi ya zamani, ya mpira, na sauti yake nzito ilikwaruza kama ng'ombe mwenye mafua. Akibinya mara moja vibatari vinawashwa, akibinya tena wanawake wako barabarani na kisamvu chao, mihogo na nazi. Nani alikuwa na saa? Saa yao ilikuwa honi ya Marijani.

Basi breki zikaanza kuleta matata. Akalipeleka lori kwa Nikodemu, fundi wa Chang'ombe, mtu wa bara aliyejifunzia kazi jeshini. Fundi hodari, sitamnyima haki yake. Jioni Marijani akarudi, breki zinashika vizuri kabisa, lakini alipoingia uani lori likalia piii, kisauti chembamba kama cha magari yote ya mjini. Nikamuuliza honi yetu iko wapi. Akasema Nikodemu ameitoa, amefunga mpya ya umeme. Nikamuuliza kama alimwagiza. Hakumwagiza. Na ameilipia? Ameilipia. Na ile ya zamani je, hakuidai? Hakuidai. Usiku ule nilimwandalia chakula bila kusema naye neno.

Kesho yake tukapita Mtoni tukilia piii, piii. Hakutoka mtu. Walidhani ni gari la bwana fulani limepotea njia, wakageukia upande wa pili wakalala. Tukaingia Kariakoo lori tupu, na wao wakaamka jua limeshapanda, kisamvu kimenyauka. Siku zilizofuata nikaita kwa mdomo mpaka koo likawaka, lakini sauti ya mtu haifiki nyumba ya tano. Wengine wakaanza kupanda lori la watu wa Mbagala. Marijani akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba afadhali tuliuze lori, yeye akabebe mizigo bandarini. Moyo uliniuma sana. Nililipenda lori lile kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Ndipo akaja Mwajabu, shoga yangu muuza kisamvu, anahema kwa hasira. Alikuwa amesikia honi yetu, akatoka mbio na tenga kichwani, kumbe ni lori la Kamugisha, yule Mhaya anayebeba mawe ya kujengea. Kamugisha alikuwa anafukuza mbuzi barabarani, kwa honi yetu. Mie sikungoja aendelee. Nikajifunga kanga nikaenda Chang'ombe.

Nikodemu alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaisalimia miguu, ikatoka. Hakukana. Lori la Kamugisha halikuwa na honi, askari walikuwa wamemwonya, basi Nikodemu akamuuzia ile yetu. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, kwamba kikuukuu ni cha fundi siku zote. Mtu akichinja ng'ombe wa watu, si anaondoka na kichwa chake?

"Mchinjaji hupewa, fundi, hajichukulii," nikamwambia. "Na mie sikukuletea ng'ombe wa kuchinja. Nilikuletea mgonjwa wa breki. Mganga gani anayemkuta mtu anaumwa tumbo, akamng'oa jino zima, akaenda kuliuza?"

Vijana wake wakacheka, naye akaona haya kidogo. Lakini akashikilia neno lake: honi imeshauzwa, na kama naitaka niikomboe, nimlipe Kamugisha, na yeye nimpe ada ya kufungua na kufunga. Nikomboe mali yangu! Nikamwambia sitatoa hata senti ya kutoboka, nikaondoka zangu.

Njiani hasira ikanitoka, akili ikaingia. Nikapita nyumba hadi nyumba, Mtoni yote na Temeke, nikiwaambia wanawake neno moja. Popote mtakapoisikia honi ile, saa yoyote, tokeni na matenga yenu, mumwambie mwenye gari awapeleke Kariakoo. Akikataa, simameni hapo hapo barabarani mumdai honi ya watu.

Wee! Wanawake wa Temeke ukiwapa kazi ya namna hiyo, huna haja ya kurudia. Kamugisha akipiga honi kumwepuka mwenye baiskeli, wanawake wanatoka. Akipiga penye kona, wanatoka. Wengine matenga matupu, mradi waseme tu. Mara moja walimzuia mpaka mteja aliyengoja mawe akachoka akanunua kwa mwingine. Maskini Kamugisha, hakuwa na kosa, lakini mwenye kosa ningempata vipi mie peke yangu?

Haikupita wiki, Nikodemu akatuma mtu kutuita. Tulimkuta Kamugisha keshafika, ameiweka honi juu ya meza.

"Chukua honi yako inayoita wanawake," Kamugisha akamwambia Nikodemu. "Nipe ya kufukuza mbuzi."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Mambo yakapangika yenyewe: ile ya umeme ikatolewa kwetu ikaenda kwa Kamugisha, yetu ikarudi kwetu, na Nikodemu akaturudishia fedha ya honi tusiyoiagiza, kwa shingo upande. Akajaribu kutaja ada ya kazi. Nikamtazama tu. Akakohoa, akasema basi, yaishe, na kuanzia leo akitoa kitu garini mwa mtu atakiweka juu ya kiti, mwenyewe aamue. Nikamshika mkono, nikamsifu breki zake kwa moyo mweupe.

Jua lilikuwa limezama tulipofika nyumbani, sikupata wasaa wa kumwambia mtu kwamba honi imerudi. Nilikuwa na furaha tu, nikalala kama mtoto. Alfajiri tukatoka. Pale Mtoni Marijani akatabasamu peke yake, akaubinya mpira.

Wakatoka, tena mbio. Wakajaa mbele ya lori, na kiza kile hakuna anayemwona mwenzake. "Rudisha honi ya watu, mwizi wewe!" ilikuwa sauti ya Mwajabu. Tenga likapigwa kwenye boneti. Marijani akabinya tena awatulize, ndipo matusi yakazidi, na mengine siwezi kuyasema hapa. Nikafungua mdomo nipige kelele, nikakumbuka koo langu lilivyowaka siku zile. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatukanwa na wateja wake kwa wizi aliotendewa yeye mwenyewe.

Akafungua mlango, akasimama juu ya kikanyagio cha mlangoni. "Ni mie!" akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake. "Ni mie Marijani! Honi ni yangu na lori ni langu! Pandeni, kisamvu kinanyauka!"

Kisha Mwajabu akasogea na kibatari chake, akakiinua mpaka usoni pa Marijani.

"Kumbe una sauti, shemeji," akasema, akanipa tenga lake nimpandishie.