Stika Iliyoshikwa kwa Unga

Stika ilianguka yenyewe. Baba, kama walivyomwita mwajiri wao, alimwambia Kiprono aibandue polepole kwenye kioo cha mbele cha Land Cruiser ili asome namba zilizo nyuma yake. Kiprono aliigusa tu kwa ncha ya kidole, ikadondoka juu ya dashibodi kama jani kavu. Milka alikuwa dirishani jikoni akiosha vikombe vya kahawa, akaona yote. Alimwona Baba akiigeuzageuza ile stika juani, uso umekunjamana, kisha akimrudishia dereva wake. Akamwona Kiprono akikwangua kwa ukucha ule ukoko mweupe uliokaukia mgongoni mwa stika, akausogeza puani, akaunusa.

Kikombe kilimponyoka Milka. Bahati yake sinki ilikuwa na maji.

Mambo hayo yalianza siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, mwaka 2013, katika nyumba hiyo hiyo ya Muaither, kando ya Doha. Familia ilikuwa inajiandaa kwenda Dubai kwa barabara. Kaka yake Madam, mke wa Baba, anayeishi huko, Bwana Fahad, alikuwa ameleta stika ndogo nyeupe ibandikwe juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Huko Dubai barabara kuu zina malango ya kulipia, lakini hayafunguki wala hayafungwi. Ni nguzo mbili na boriti juu yake. Gari linapita mbio, boriti inaisoma stika, pesa zinakatwa kwenye akaunti, basi. Hakuna kizuizi, hakuna karani, hakuna risiti. Stika ile ilikuwa imeandikishwa kwa jina la Bwana Fahad, na Kiprono aliibandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemweleza Milka. Nani angemweleza yaya habari za kioo cha gari?

Siku mbili kabla ya safari, Madam alimwita. Watoto walikuwa wamebandika picha za katuni kwenye vioo vyote vya gari, na Madam alikuwa hapendi kuona karatasi kwenye kioo. Aondoe stika zote, alimwambia, zote kabisa, kioo kiwe kama maji. Kuosha gari ilikuwa kazi ya Kiprono, ila siku hiyo alikuwa amempeleka Baba kazini kwa gari dogo. Milka akachukua ndoo na wembe. Alibandua paka, akabandua samaki, akabandua malaika mwenye bawa moja, na alipofika mbele akaikuta ile nyeupe. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama mchanga. Milka aliachia shule darasa la tano, na Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa cha lete na peleka. Akapitisha wembe.

Ilitoka nzima, ngumu, haikuchanika kama karatasi za watoto. Hapo ndipo roho ilipomwambia kwamba hii ina mwenyewe.

Angeweza kusema. Lakini Milka alikuwa mtu ambaye neno humfika kooni likageuka njia, na tangu aje Doha miaka miwili iliyopita koo hilo lilikuwa limezidi kuwa jembamba. Akafanya alichokijua. Nyumbani kwao Kakamega mama yake alikuwa akibandika magazeti ukutani kwa uji mzito wa unga, na magazeti hayo yalikaa hadi habari zake zikawa historia. Akakoroga unga wa ngano jikoni, akaupaka nyuma ya stika, akairudisha mahali pake pale pale na kuikandamiza kwa kiganja huku akihesabu hadi mia. Ikashika. Kiprono aliporudi alitazama kioo, akakisifu.

Dubai walikaa siku tano. Milka alikaa kiti cha nyuma na watoto, na kila walipolikaribia lango aliitazama stika yake kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ilitulia. Kiprono naye kila alipopita chini ya boriti aliinua mkono kidogo kusalimia, kwa sababu aliamini lazima kuna mtu amekaa mahali fulani nyuma ya kamera, na mtu hasalimiwi kwa kupitwa tu. Lango halikulia wala kuwaka taa. Walirudi Doha salama, na Milka akashukuru Mungu kimoyomoyo.

Novemba ndipo Bwana Fahad alipopiga simu. Ujumbe ulikuwa umeanza kumiminika kwenye simu yake: gari la Qatar, namba fulani, limepita lango bila stika. Lango hili, na lile, na lile, asubuhi na jioni, siku zote tano, na kila kupita ni faini. Baba alisoma yale maandishi madogo pale uani, stika ikiwa mkononi mwa Kiprono, akamfafanulia kwa Kiarabu cha kuchanganya na Kiingereza: stika hii ikibanduliwa mara moja tu, imekufa. Hakupandisha sauti. Alisema labda joto liliilegeza, lakini dereva mzuri hukagua matairi, oili, maji, na stika. Kiprono akajibu ndiyo, Baba. Ukoko aliounusa hakuutaja.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Milka alijifungia chumba cha kufulia nguo, akakaa juu ya kapu la shuka.

Jambo lililomkaa rohoni lilikuwa safari ya Kiprono. Binti yake Emily alikuwa ameposwa. Upande wa mume ulikuwa umekuja nyumbani mara mbili, na mara ya tatu ndiyo koito yenyewe, siku wazee wa pande zote mbili wanapoketi na kukubaliana ndoa. Ilikuwa imepangwa Jumamosi tarehe kumi na nne Desemba. Siku hiyo baba wa binti ana kiti chake, na asipokikalia yeye atakikalia ndugu yake. Ndugu wa Kiprono alikuwa Benard, na hawakuwa wakisemezana tangu walipogombania mpaka wa shamba. Kiprono alikuwa amemsimulia Milka haya yote walipokuwa wakishusha mifuko ya sokoni, tena kwa furaha, kwa sababu Baba alikuwa ameshamkatia tiketi ya tarehe kumi. Kilichobaki ni khuruj, ile ruhusa ya kutoka nchini ambayo mfanyakazi hawezi kuipata bila idhini ya mwajiri wake.

"Kwanza hii ya Dubai iishe," Baba alisema, "kisha khuruj."

Basi Kiprono akapewa simu na namba ya ofisi ya malango huko Dubai, kwa maana yeye ndiye aliyeendesha. Kila alasiri alikaa ndani ya gari chini ya kivuli cha ukuta, simu sikioni. Sauti ya mwanamke ilimwambia kwa Kiarabu abonyeze moja, kwa Kiingereza mbili. Alibonyeza mbili, ikampa namba nyingine nne za kuchagua, na ndani ya kila moja nyingine tano. Kisha muziki. Milka akianika nguo aliusikia, muziki ule ule, ukikatika na kuanza upya. Siku moja alipokea mtu mzima mwenye pumzi, na Kiprono akasimama wima nje ya gari kama yuko mbele ya chifu. Mtu yule, kwa adabu kabisa, akamwomba mwenye akaunti azungumze. Mwenye akaunti alikuwa Bwana Fahad, na Bwana Fahad alikuwa Kuwait kikazi hadi Desemba.

Ijumaa madereva walikusanyika nje ya geti kama kawaida yao, kila mtu na kiti chake cha plastiki. Alikuwepo Fabian, Mganda wa nyumba ya jirani, na Ronny aliyekuwa akiendesha basi la wafanyakazi huko Al Wakrah. Milka aliwapelekea chai na chapati, akabaki karibu na geti akijifanya anafagia.

Fabian alikuwa akilalamikia kamera za barabara ya Salwa. Moja ilimpiga picha akipiga chafya, mguu ukakanyaga mafuta bila yeye kutaka. Alipoonyeshwa hiyo picha alikubali kosa, maana uso ulikuwa mbaya kiasi kwamba hata yeye angejitoza faini. Wakacheka. Ronny akamgeukia Kiprono.

"Na wewe mzee, nasikia ulikuwa unapungia nguzo mkono kama mgombea ubunge."

"Nilikuwa nasalimia."

"Ilikuitikia?"

"Iliitikia," Kiprono alisema. "Iliitikia kwa Bwana Fahad."

Walicheka tena, lakini kicheko hiki kiliisha mapema. Kiprono akaitazama chai yake. Alisema nyumbani ukikosea barabarani unasimamishwa na mtu. Unashuka, unavua kofia, unaeleza. Huenda akakutukana, huenda akakuonea, lakini amekusikia. "Hii sasa nitaieleza wapi? Nimekosana na boriti."

Milka alifagia pale pale alipokuwa ameshafagia.

Mwisho wa Novemba Baba alichoka na simu. Akaamua kwamba likizo ya Sikukuu ya Taifa, katikati ya Desemba, wataondoka mapema kwenda Dubai na gari lenyewe, waingie ofisini na kuonana na mtu. Wa kuendesha ni Kiprono. Tiketi yake ikasogezwa hadi Februari. Baba alimweleza kwa upole, akamwahidi siku kumi za ziada, na alivyoona yeye alikuwa amemfanyia hisani. Jioni hiyo Kiprono aliosha gari ambalo lilikuwa safi.

Usiku kucha Milka alipanga maneno, na asubuhi watoto walipokwenda shule akaingia nayo sebuleni. Madam alikuwa amenyoosha miguu juu ya mto, imevimba, kwa sababu mimba yake ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Milka alisimama hadi Madam alipouliza anataka nini. Akasema. Maneno aliyoyapanga hayakutoka hata moja, ila yalitoka mengine: wembe, unga, mia moja. Alionyesha kwa kiganja jinsi alivyoikandamiza.

Madam alisikiliza hadi mwisho. Kisha akageuka kutazama mlango, kama mtu anayehakikisha umefungwa.

"Umemwambia Baba?"

"Hapana, Madam."

"Dereva?"

"Hapana."

"Basi usimwambie yeyote. Baba akijua atakurudisha kwenu, na mimi mtoto anakuja Januari. Nani atanisaidia?"

Milka alisema kwamba Kiprono ana shughuli ya binti yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu Madam bila kuulizwa. Madam hakukasirika. Alimshika mkono, mkono ukiwa wa joto na laini, akamwambia Kiprono ataenda Februari, harusi huwa ni nyingi na ndefu, hatakosa kitu. Akamwomba maji.

Milka akaleta maji. Alikuwa ameusukuma mlango mzito kuliko yote maishani mwake, na nyuma yake amekuta ukuta.

Alhamisi tarehe kumi na mbili, Madam akiwa anachagua nguo za mtoto, alisema kwa kupitia tu kwamba ile safari ya Dubai haipo tena. Fahad amerudi kutoka Kuwait, ameingia ofisini mwenyewe, na mambo yamekwisha kwa dakika kumi. Tangu lini? Tangu Jumatatu, Madam alidhani. Au Jumapili. Kiprono hakuwa ameambiwa na mtu. Aliposikia alikwenda kwa Baba mbio, viatu vikiwa mkononi, na Baba kweli akapiga simu kwa wakala wa tiketi mbele yake. Desemba ndege zimejaa. Nafasi ya karibu ilikuwa tarehe ishirini na moja. Baba akamtazama kwa masikitiko ya kweli na kufungua viganja vyake.

Jumamosi kulikuwa na kibaridi. Saa za Doha na za nyumbani ni zile zile, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuhesabu: saa nne wazee wataketi. Baba alikuwa ameleta stika kubwa za bendera ya Qatar, nyeupe na rangi ya damu ya mzee, gari lipambwe kwa ajili ya Sikukuu ya Taifa, na Kiprono alikuwa uani akizilainisha juu ya boneti kwa kitambaa. Simu yake ilikuwa juu ya paa la gari, ikingoja kupigwa kutoka nyumbani. Milka alitoka jikoni bila kuitwa. Akasimama upande wa pili wa boneti.

"Kaka Kiprono," alisema. "Ile stika. Ni mimi."

Kiprono aliendelea kusukuma kitambaa hadi pembeni, akatoa kiputo kimoja cha hewa, kisha kingine.

"Ulikuwa unga gani?"

"Wa chapati."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi anayepewa jibu alilolikisia. "Uliibandika vizuri," alisema. "Tumekwenda nayo hadi Dubai na kurudi."

Milka alingoja aseme jingine. Alikuwa tayari kutukanwa, hata alitamani. Angejua mahali pa kushika. Lakini simu ililia juu ya paa. Kiprono akajifuta mikono kwenye suruali, akaitazama, akaingia garini na kuvuta mlango. Kioo kilikuwa kimepandishwa hadi juu.

Milka alibaki nje. Kioo kilikuwa safi kama maji, kama alivyoagizwa siku ile, na kupitia kwake aliona midomo ya Kiprono ikisema neno moja, ikangoja, ikasema jingine. Baadaye haikusema tena. Alikuwa anasikiliza. Halafu akainua mkono kidogo, kama anavyosalimia mtu anayeingia mahali watu wamekwisha kuketi, akaushusha.