Sifuri ya Ntinyari

Wawira alikuwa mtu wa kuficha. Hakusengenya, hakumkosea jirani, kanisani hakukosa. Lakini jambo lolote la nyumbani kwake lililoweza kufunikwa, alilifunika na kulikalia juu. Ndiyo maana alipompata mwalimu wa tuisheni alimwagiza aingilie mlango wa nyuma, na mtu yeyote pale mtaani Kaaga akimuuliza, aseme yeye ni mpwa wa Marete, marehemu mume wa Wawira, amekuja kusalimia. Mwalimu mwenyewe, Mutwiri, kijana aliyemaliza chuo na bado anangoja kuajiriwa, alikubali bila kuuliza sababu.

Aibu aliyokuwa akiifunika safari hii ilikuwa ya bintiye. Ntinyari alikuwa wa kwanza darasani tangu utotoni, mpaka walimu walichoka kumsifu. Sasa yuko gredi ya tisa, mwaka wenyewe wa mtihani wa kwenda shule ya upili, na alama zake zinaporomoka tu. Wawira ana duka la sare za shule kule Makutano. Kila siku anakunja masweta ya watoto wa wenzake, na moja, la shule kubwa ya bweni iliyo mbali huko, alikuwa ameshalitenga ndani ya sanduku lake chumbani, likimngoja Ntinyari. Alikemea. Akamnyang'anya mtoto simu. Akafunga na kuomba. Alama zikazidi kushuka, ndipo akakata shauri la kuleta mwalimu nyumbani.

Jumamosi moja alasiri Mutwiri alimaliza kipindi mapema. Alimwacha msichana aende jikoni kumenya viazi, akamwomba Wawira wakae kidogo sebuleni, kisha akaweka karatasi juu ya meza.

"Mama Ntinyari, leo nimempa maswali thelathini ya hesabu. Kila swali lina majibu manne, yeye anachagua moja. Amepata sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa."

Wawira aliiangalia ile karatasi. Alifikiria lile sweta. Alifikiria pia wale wanawake wa kanisani na namna watakavyosikitika kwa sauti tamu.

"Basi mtoto wangu amekuwa mjinga," alisema.

"Hapana, hujanielewa. Hii karatasi ningempatia kuku wako adonoe majibu, angepata saba, nane hivi, kwa bahati tu. Mtu hawezi kukosa thelathini zote kwa sababu hajui. Lazima ajue jibu lenyewe liko wapi ndio alikwepe." Mutwiri alishusha sauti. "Huyu mtoto anajua zote. Mimi sina kitu cha kumfundisha. Ni wewe wa kumuuliza."

Akachukua mkoba wake, akatokea mlango wa mbele, mchana kweupe, na Wawira hakukumbuka hata kumkataza.  Angeambiwa mtoto ni mzito angelia akanyamaza. Angeambiwa kuna mvulana angejua pa kuanzia. Lakini mtoto anayeketi na penseli, akatafuta jibu la kweli kwa bidii, akalipata, akaliruka? Mshtuko ulipompungua kidogo, hasira ikachukua nafasi yake, akainuka na ile karatasi hadi jikoni.

"Ntinyari. Unanifanyia hivi kwa nini?"

Ntinyari aliiona karatasi. Hakujitetea. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye sketi.

"Nikipita nitaenda bodingi," alisema.

"Na si ndio tunataka? Watoto wa watu wanalilia hizo shule."

"Nikienda, nani atabaki na wewe?"

"Kwani mimi ni mgonjwa?"

 Msichana alifungua friji, akasukuma sukuma wiki kando, akatoa kopo la siagi lililokuwa nyuma kabisa, akaliweka mezani na kulifunua. Ndani hamkuwa na siagi. Mlikuwa na chupa ndogo za insulini na sindano za mama yake.

Wawira alitafuta kiti. Hapa lazima isemwe wazi kile alichokuwa akikificha kuliko vyote. Mwaka uliopita, katika mkutano wa injili, alisimama mbele ya kanisa zima akashuhudia kwamba Mungu amemponya ugonjwa wa sukari. Na siku ile aliamini kweli, tusimsingizie. Aliacha sindano, watu wakamshangilia, na baada ya siku chache akajikuta amelazwa hospitalini Embu, alikokimbilia makusudi kwa kuwa huko hakuna mtu wa kanisa lake wa kumwona. Alirudia dawa kimyakimya. Ushuhuda hakuukanusha. Kila Jumapili watu walimshika mkono, wakamwita mwujiza unaotembea, naye akatabasamu.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Tangu uliporudi kutoka Embu."

"Hata hivyo, sindano si kitu. Najidunga, naendelea na kazi. Mimi sijawahi kuanguka."

"Umewahi, mum. Sukari ikishuka unaanguka. Huwa hukumbuki."

Wawira akaanza kukumbuka. Zile asubuhi alizoamka na gauni limelowa kifuani, linanata, akadhani amemwaga chai. Mara ile alipojikuta kwenye zulia na mto chini ya kichwa, na Ntinyari akamwambia, ulilala tu, ulikuwa umechoka. Alikuwa ameyaamini yote. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu, na kumbe mmoja wao alikuwa mlinzi.

"Shule ya kutwa iko hapa chini," Ntinyari aliendelea, taratibu, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake. "Nikipata alama mbaya watanipeleka hiyo. Nitakuwa nakuja nyumbani kila jioni."

"Hapana. Nitatafuta mtu wa kukaa na mimi."

"Utamwambia nini? Kwamba ulipona?"

Hakuna mtu aliyewahi kumpiga Wawira kofi la namna hiyo, na aliyempiga alikuwa akilia. Sasa mambo yalikuwa peupe mbele yake: ama aitunze ile sifa yake na mtoto abaki kando yake akijifanya mjinga, ama aseme. Alitaka kusema kesho. Aliona jinsi bintiye alivyoanza kulifunika tena lile kopo, kwa uangalifu, ili alirudishe mahali pake pa kufichwa, akamshika mkono.

"Liache hapo," alisema.

Alitoka nje hadi kwenye ua akamwita Gatakaa. Angeweza kuchagua mtu rahisi zaidi. Gatakaa, jirani wa mlango wa pili, ni mwenyekiti wa akina mama kanisani, na siku ya ule ushuhuda yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Alikuja na leso yake begani akidhani anaitiwa chai. Wawira alimsogezea kopo.

"Sikupona," alimwambia. "Hizi ni dawa zangu. Nilisema uongo, halafu nikashindwa kuufuta."

Gatakaa alitazama sindano. Akamtazama Wawira. Akajitupa kwenye kiti.

"Na tuliimba," alisema.

"Mliimba."

"Mimi nilicheza mpaka goti likavimba." Aliinamisha kichwa, akavuta pumzi ndefu. Wawira alingoja matusi. "Mama Ntinyari, umekaa na hii kitu peke yako na mimi nalala hapo tu, ng'ambo ya ua?"

"Hakukaa peke yake," alisema Ntinyari.

Ndipo Gatakaa alipoelewa, akashika mdomo kwa leso. Lakini msichana hakumpa nafasi ya kulia. Alimwonyesha ilipo glukosi, ile sukari ya unga ya kumpa mama, kwenye kabati la vikombe, na namna ya kukoroga vijiko viwili ndani ya maji. Alimweleza kwamba mama akiwa hawezi kumeza asimpe kitu chochote mdomoni, amlaze ubavu na kutafuta gari haraka. Akamfanya arudie. Gatakaa alipokosea alisahihishwa, akarudia tena, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na hakununa.

"Na nitajuaje imeanza?" aliuliza.

"Anatoka jasho. Halafu anaanza kuongea Kimbeere, lugha ya kwao. Ananiita Ruguru. Anasema tuvuke haraka kabla maji hayajajaa."

Wawira alisimama bila kujua kwamba amesimama. Ruguru alikuwa mdogo wake. Walikuwa watoto wawili kule Gachoka wakirudi kutoka kuokota kuni, mto ukafurika, akavuka mmoja. Tangu aolewe huku Meru hakuwahi kulitamka jina hilo, si kwa Marete, si kwa mtoto, si hata katika maombi. Alidhani amelizika.

"Nimekuita hivyo mara ngapi?" aliuliza.

"Kila mara, mum. Kwanza nilikuwa nakwambia mimi ni Ntinyari, unakataa kunywa, unanisukuma. Siku hizi naitika. Nikiitika, unakunywa."

 Wawira alimtazama mtoto wake, miaka kumi na minne, aliyekuwa akiitikia jina la maiti ili mama yake ameze sukari, kisha akaenda shuleni kukosa maswali. Alitamani sakafu ipasuke. Alitaka kuomba msamaha.

Ntinyari alimgeukia Gatakaa. "Hii ndio ngumu, anti. Lazima uitike. Mum, muite tumjaribu."

"Siwezi."

"Muite."

Wawira alishika ukingo wa meza. Alilitoa lile jina polepole, akiwa na akili zake timamu, kwa mara ya kwanza tangu utoto.

"Ruguru."

"Niko hapa," Gatakaa aliitika, machozi yakimtiririka. "Niko hapa, kunywa."

Ntinyari aliwasikiliza wote wawili kwa makini. Akawaambia warudie, wakarudia. Kisha aliichukua ile karatasi ya mwalimu Mutwiri, akaketi mwisho wa meza karibu na viazi, akafuta majibu yake yote kwa raba na kuanza upya swali la kwanza.